Chungu cha Kuchuja Maji Nilichokitia Makaa

Hii aibu sikuwa nataka kusema, lakini hapa Kanamkemer mshanicheka, basi afadhali muisikie kwa mdomo wangu, mimi mwenye kuiga sauti ya kila mtu.

Dada wa afya alituletea ndoo ya kuchuja maji, moja kwa nyumba nne, ikawekwa kwangu, juu mimi ndio mzee. Ndani iko na chungu ya udongo, hiyo ndio inachuja uchafu. Akasema (anaongea na pua kama mbuzi ako na homa), "Ata, nyanya yetu, hii chungu usiweke kitu moto." Nikasema ndio, ndio. Lakini maji ilikuwa inanuka, na kibuyu ya maziwa ikinuka sisi tunafanya nini? Tunatia makaa ya moto, tunatikisa, inatoka na harufu tamu, mama yangu alifanya hivyo na mama yake pia, basi nikatoa ile chungu nikatia makaa. Ikalia ta! Nikaona ufa mwembamba kama unywele, nikasema ah, unywele ni nini, nikairudisha, nikafunika, nikanyamaza.

Majirani wakaendelea kuchota na mimi najisifu, "Kunyweni, hii ni maji ya hospitali!" Akiru, jirani yangu, alikuwa anajazia mtoto wake Ekai kikombe kila asubuhi. Ekai akaanza kuhara, akahara mpaka akalazwa. Nikaenda kumuona, nikambebea chupa ya maji yangu. (Ndio, hiyo hiyo. Chekeni.)

Siku dada alirudi, wanawake wote wamejaa kwangu, Akiru na Ekai mgongoni, mtoto miguu kama vijiti. Dada akamwaga ndani ya ndoo maji ya laga, ule mto wetu wa mvua, nyekundu kama chai, akangoja, akafungua koki. Ikatoka chai ileile. Akainua chungu. "Ata, hii weusi ya makaa ni ya nini?" Nikataka kuiga hiyo pua yake watu wacheke, mdomo ikakataa.

Akiru hakupiga kelele. Aliuliza tu polepole, "Ata, ulijua imepasuka?"

Nikasema nilijua.

Ekai alipona, lakini ukimbeba bado mwepesi. Chungu mpya imewekwa kwa Akiru. Mimi naenda na jagi yangu, namsalimia "Ejok," ananijazia, haitikii.

Nimeapa, kitu ikipasuka mkononi mwangu nitaita watu hapo hapo, wanicheke kabla mtoto hajakunywa. Na sauti za watu bado naiga, hata ya dada. Ile ya Akiru siku hiyo, hiyo siigi.