Hapana Tatu za Mama Mkwe

Kiwandani kwetu Jinja, wenzangu wakiletewa fomu za bima ya afya huja nyumbani kwangu Walukuba. Nawasomea swali moja moja, taratibu, mpaka waelewe. Lakini kosa ninalolisimulia hapa nililifanya mimi, mwalimu wao.

Kampuni ilituruhusu kuongeza mzazi mmoja. Wangu walishafariki, nikamwandikisha mama mkwe, anayeishi Mbale. Fomu iliuliza: ana presha? Ana kisukari? Amewahi kupasuliwa? Kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, na habari za mwili wake haziulizwi. Hata kumtuma mke wangu amuulize niliona aibu. Nikaandika hapana, hapana, hapana, nikidhani ndiyo heshima.

Mwaka jana alitokwa na kidonda mguuni. Daktari alitaka apasuliwe wiki hiyohiyo, asije akakatwa mguu. Kadi yake ya bima ikakataliwa hospitalini.

"Bwana, huyu mama anameza dawa za sukari miaka sita," karani wa hospitali aliniambia. "Hapa pameandikwa hapana. Nani alijaza?"

"Mimi."

"Basi bima wanasema mlificha."

Rufaa iliwezekana, ila kwa fomu mpya na majibu ya mgonjwa mwenyewe. Nikaketi barazani kwake, yeye yuko ndani na mke wangu, pazia la mlango katikati yetu.

"Mama," nilisema, "wanauliza sukari ilianza lini."

Akacheka. "Mkwe wangu! Uliona aibu kuniuliza, sasa ofisi nzima Kampala inausoma mguu wangu!"

Akajibu kila swali, nami nikaandika.

Tulingoja jibu siku nne, kidonda kikizidi kunuka, kisha tukampeleka hospitali ya serikali, nako akasubiri zamu. Mguu uliokolewa. Vidole viwili vilikatwa. Barua ya bima ilifika baadaye: wamekataa tena.

Juzi mwenzangu wa Bugembe aliniletea fomu ya mama mkwe wake. Tulipofika kwenye maswali ya magonjwa akasema, "Andika tu hapana, bwana. Nitamuulizaje?"

Nikaweka kalamu chini. Nilimweleza habari za lile pazia tangu mwanzo, taratibu, kama nilivyozoea. Aliondoka na fomu yake mkononi, sehemu ile ikiwa bado tupu, akaenda kumtafuta mkewe.