Ng'ombe Waliotengenezwa Bila Mvua

Kitabu chenyewe nilikisoma nikiwa shule ya bweni, nikakipenda mpaka kikachanika jalada. Kwa hivyo filamu yake ilipofika kwenye runinga yangu hapa Isiolo, nilikaa tayari kukasirika. Watu wa filamu ni waharibifu! Lakini wallahi walinifunga mdomo. Kitabuni kuna mstari mmoja tu, unaosema mfalme aliwashusha ng'ombe wake kutoka mlimani. Wao waliuchukua huo mstari wakajaza bonde zima: vumbi linapanda, nundu zinatikisika, kila ng'ombe ana mwendo wake. Yote kompyuta. Hakuna hata mkia mmoja wa kweli.

Baba yangu alikuwa amelala kwenye mkeka, ameupa ukuta uso. Tulimtoa kijijini Sericho baada ya ukame kummalizia ng'ombe wote, na tangu aje kwangu hakuwa ametaja hata neno ng'ombe. Chai anaiacha inapoa. Nilikuwa nimemtania, nimemgombeza, nimelia mbele yake. Nilitaka tu aongee, hata kama ni kunitukana.

"Aba, hebu ona hawa!" nikamwambia. "Moja, mbili, tatu, nne..."

"Nyamaza!" Aliketi ghafla. "Nani alikufundisha kuhesabu mifugo ya watu? Unataka wafe?"

Kwetu Waborana ng'ombe hahesabiwi kwa mdomo, ni kumwitia balaa. Maisha ya mjini yalikuwa yamenisahaulisha. Nikaomba msamaha huku moyo unarukaruka. Ameongea! Akasogeza mkeka karibu na runinga, akaanza kuwachambua: yule mwekundu ana mimba, yule wa madoa anachechemea, na mchungaji wao mjinga kabisa, anawapitisha kwenye mawe. Akawapigia mluzi, ule wa kuita mifugo kisimani. Akanywa chai, akaitisha nyingine.

Mimi na kiherehere changu nikamweleza kwamba si wa kweli, kuna mtu aliketi kwenye kompyuta akawatengeneza mpaka manyoya.

"Bila mvua?"

"Bila mvua, Aba."

"Mungu ambariki huyo mtu," akasema, na akacheka. Nilikuwa karibu kulia kwa furaha.

Kwa furaha hiyo nilisahau kinachofuata kitabuni. Joka lenye pumzi ya ukame likawashukia wale ng'ombe. Kazi ilifanywa vizuri mno, nawalaani walioifanya: ngozi zikakauka, mbavu zikatokeza, macho yakageuka meupe, na ng'ombe wakaanguka wakielekea mtoni, kama walivyoanguka wetu. Nilipapasa viti vyote nikitafuta rimoti. Nilipoipata na kuzima, hakukuwa tena na wa kuokoa.

Baba aliendelea kuangalia kioo cheusi.

"Huyo mtu anaweza kuwatengeneza bila mvua," akasema polepole. "Sasa amewaua kwa nini?"

Akarudisha mkeka mahali pake, akaupa ukuta uso tena. Mpaka leo hajaniuliza kitu kingine.