Vifuko Visivyo na Jina

Lubunga yote inajua sabuni ya Aziza. Ni kipande kinene, rangi yake kama udongo, marashi hakina, lakini ukikifulia nguo ya mvuvi, harufu ya samaki inahama yenyewe. Tangu alipoolewa mpaka akabaki mjane, mama huyu anachemsha mawese, anayakoroga na soda ya sabuni, anamimina katika fremu za mbao, na yakishaganda anakata kwa waya. Kazi nyingine hana, na hajawahi kuitafuta.

Soda hiyo, ambayo watu wanaiita soude, haitoki Lubunga. Anaiagiza kutoka nje patron Sébastien, mwenye depo ng'ambo ya mto, mjini. Inafika katika magunia yaliyoshonwa vizuri, yenye picha ya mkono unaoliwa na tone la maji, ili hata asiyejua kusoma aogope. Halafu depo inayapasua magunia na kufunga soda katika vifuko vyeupe. Pembeni, kwenye meza ileile, inafunga na chumvi. Kifuko ni kilekile na fundo ni lilelile. Eti ndivyo wateja wanavyopenda!

Siku moja Sandrine, jirani wa Aziza, mke wa mvuvi, alikuwa anavuka kununua chumvi ya samaki. Aziza akamtuma: "Yaya, dada yangu, uniletee na soude yangu, ile ya kwenye ndoo inaelekea kwisha." Sandrine akarudi na vifuko vyote katika kikapu kimoja, akampa Aziza kimoja. Nyumbani akawanyunyizia samaki, kisha akalamba kidole, kama wanavyofanya wanawake wote wa mto kuona kama chumvi imekolea. Ulimi ukababuka palepale. Aziza naye, alipofungua kifuko chake akakuta chumvi, alitoka mbio bila kuvaa kandambili. Alikuta mwenzake anagaagaa chini. Mpaka leo Sandrine anakunywa uji kwa mrija na kuongea kwa mikono.

Sasa sikieni waliyemkamata.

Wakaguzi wa serikali walivuka kwa mtumbwi, wakapita moja kwa moja mpaka uani kwa Aziza. Mkubwa wao, Héritier, kijana mwenye viatu vya kung'aa, akaishika ile ndoo ya soda. Pipa la mawese lilikuwa tayari limechemshwa, linangoja.

"Mama, sheria ni sheria. Mwenye kutumia produit chimique, dawa kali kama hii, lazima akuwe na gants ya mikono, na miwani, na étiquette ya jina juu ya ndoo. Wewe uko na nini?"

"Niko na mufuniko, na chumba ya kuifungia. Gants nitatafuta, sikatai, mikono ni yangu. Lakini étiquette inatokaka na gunia, mwanangu. Gunia aliipasua nani?"

"Depo iko en ordre. Iko na papier ya ruhusa."

"Bon. Ni papier njo ililamba chumvi?"

Watu waliojaa uani wakacheka. Mvuvi mmoja akadakia: "Chef, asubuhi umepita mbele ya depo. Macho uliacha kwa kinyozi?"

Héritier hakucheka. Akabeba ndoo. Kamba hukatikia pembamba, ndivyo wazee walivyosema, na walisema kweli. Ila safari hii pembamba paliingia mtumbwini pamoja na ndoo. "Ndoo ikikamatwa," alisema Aziza akikaa, "na mwenyewe akamatwe."

Huko depo, Héritier akaacha ndoo mlangoni, akaingia ndani kunywa kitu cha baridi na patron. Aziza akasimama palepale. Kila mnunuzi aliyetoka, alimzuia kwa sauti ya upole:

"Papa, umenunua chumvi? Onja basi mbele yangu."

Mwanaume akakitazama kifuko, akatazama meza, akarudisha. Mama mwenye mtoto mgongoni akarudisha. Mlango ukaanza kukosa watu.

Sébastien akatoka jasho likimtiririka. "Mama Aziza! Wewe mukiliya wangu, mununuzi wa zamani, unaniharibia kazi?"

"Mimi ninasema tu kitu iko ndani. Ni wewe njo haupendi kusema."

Patron na mkaguzi wakanong'onezana, na ajabu, sheria iliyokuwa ngumu kama jiwe ikalainika kama mkate wa muhogo. Ndoo ikarudishwa. Kibarua akaburuta gunia zima, halijapasuliwa, picha ya mkono ikionekana wazi.

"Chukua, mama, ni cadeau, haulipi kitu. Rudi Lubunga, upike sabuni yako."

Aziza aliwaza pipa lake. Gunia lile lingempikisha sabuni mpaka msimu ubadilike. Kisha akageuza macho kwenye meza.

"Na hivi vifuko?"

"Hivi si mambo yako."

"Si yangu?"

Akalishika gunia kwa masikio, akalivuta mpaka katikati ya mlango, picha ikitazama barabara, akakaa juu yake na kupanga kitenge chake vizuri. Mwanamke mmoja alikuwa anakuja na kikapu.

"Dada," Aziza akamwita, "kabla haujaingia, angalia kwanza huu mukono."