Chumba cha Vioo Siku ya Kuganduka

Uwimana, muuza maharage wa soko la Kasulu, alikaa mwaka mzima akiitetea albamu ambayo hakuruhusiwa kuisikiliza. Mtasema mwanamke mbishi huyo. Ni mbishi kweli, lakini ngojeni kwanza.

Albamu yenyewe inaitwa Chumba cha Vioo, ya Jenerosa Kaneza, yule binti wa Bujumbura aliyewatoa watu jasho enzi za disko. Nyimbo zake za kwanza hakuna mtu wa makamo huku juu asiyezijua: tarumbeta, ngoma, besi inayogonga kifua. Halafu mwaka themanini na sita akaja na hii. Akaziacha tarumbeta, akashika kinanda cha umeme na ngoma za mashine, akaimba taratibu habari za moyo wake mwenyewe. Mashabiki wakagawanyika siku hiyohiyo, na mpaka leo hawajapatana.

Uwimana alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, mtoto wa watu waliovuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili naye akiwa mgongoni. Kaseti hiyo aliinunua kwa mavuno yake ya kwanza, akaisikiliza mpaka betri zikalegea. Hakuwahi kumsikia mwanamke akiimba “nataka” bila kuomba radhi kwa mtu.

Kisha akaolewa na Nduwayezu. Alikuwa mume mwema, msimseme vibaya, ila alikuwa shabiki wa Jenerosa wa disko na si wa huyu mwingine. Wakati kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipokuwa imejaa watu, Nduwayezu alikuwa na kibanda pale sokoni, akiwarekodia wateja kaseti. Siku moja kaseti tupu zikamwishia. Akaichukua Chumba cha Vioo ya mkewe, akaziba kwa karatasi vile vitundu vya juu vinavyozuia kurekodi, akarekodi kwaya juu yake.

“Nimeiokoa,” alimwambia Uwimana, anacheka. “Angalau sasa ina wimbo ndani.”

Uwimana hakucheka. Alipika, wakala, wakamlea binti yao Winnie, wakazeeka pamoja. Alimpenda mumewe na hakumsamehe, yote mawili kwa moyo mmoja, na wala hakuona tabu.

Mwaka jana Nduwayezu akafa. Sasa kwa watu wa ukoo wao, msiba hauishi kwa kuzika. Unaisha siku ya kuganduka, ndugu wote wanapokusanyika kuufunga, na kabla ya hapo mjane haimbi, hachezi, hafungui muziki. Uwimana aliushika mwiko huo barabara, maana machozi yake yalikuwa ya kweli. Na ni katika mwaka huohuo Winnie, anayeuza kwenye duka la dawa Kibondo, alipopiga simu anapiga kelele.

“Mama! Chumba cha Vioo ipo mtandaoni! Yote!”

“Usiifungue,” alisema Uwimana. “Msiba haujaisha. Nisomee tu watu wanasema nini.”

Winnie akasoma. Mmoja aliandika: hapa ndipo tulipompoteza Jenerosa wetu. Mwingine: kinanda kinalia kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwingine akajibu kwamba wenye masikio ya tarumbeta wakae kimya, hii ndiyo albamu yake pekee yenye maneno. Mwingine akasema upande wa kwanza dhahabu, upande wa pili walikuwa wamelewa.

“Huyo wa kuku mwandikie kwamba yeye ndiye kuku,” alisema Uwimana.

“Mama jamani!”

“Mwandikie!”

Ikawa ndiyo kazi yao kila jioni. Lakini Winnie alipokata simu, Uwimana alibaki na woga ambao hakumwambia mtu. Miaka thelathini hajaisikia. Je, kama ni mbaya kweli? Je, kama uliokuwa mzuri ni ule umri wa miaka kumi na minane tu?

Siku ya kuganduka ilipokaribia, shemeji yake Sylvesta, mdogo wa marehemu, alipiga simu kutoka Kibondo. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, na sauti yake ilishajua hilo. Alisema muziki ameshaupanga, disko tupu, zile alizozipenda kaka.

“Mimi nataka Chumba cha Vioo,” alisema Uwimana.

“Shemeji, utatuaibisha! Marehemu aliichukia ile takataka.”

“Shemeji, hiyo ni siku ya kutoka mimi msibani. Si siku ya kurudi yeye.”

“Nimesema hapana.”

“Haya. Tutaonana.”

Siku ikafika, mahema mawili uani, ndugu wamejaa. Kwao kreti la bia halitolewi kimyakimya kama mzigo wa kuni. Linatolewa na neno: mtoaji anasimama anasema, mpokeaji anasikiliza mpaka mwisho, anajibu, ndipo anafungua. Ukifungua, umelikubali neno. Kwa kawaida mjane husemewa na mwanamume. Uwimana akasimama mwenyewe, kreti akaliweka mbele ya Sylvesta. Wazee wakakohoa.

Akaanza kwa shukrani. Akawashukuru wa Kibondo, wa Rungwe Mpya, wachimba kaburi, wapishi, wote. Shukrani zikawa ndefu, na jua lilikuwa kali, na Sylvesta alikuwa amekula vumbi tangu alfajiri. Alijua mambo ya wajane: asante, asante, basi. Akanyoosha mkono, akafungua chupa, akapiga funda.

“Na kreti hili,” akaendelea Uwimana kwa upole kabisa, “ninaliombea jambo moja. Muziki wa kwanza leo uwe ule ninaoutaka mimi.”

“Yampayinka!” akaropoka mzee mmoja kwa Kirundi, kwa mshangao. Hema zima likacheka. Sylvesta aliitazama chupa, akawatazama wazee, wazee wakatazama pembeni. Bia haitemwi.

“Winnie,” alisema Uwimana, “weka.”

Spika ikalia. Uwimana akasimama katikati ya ua, kitenge kipya, macho amefumba. Kinanda kikaingia, chembamba, chembamba kuliko alivyokumbuka. Ngoma ya mashine ikagonga kama kijiko kwenye bati. Moyo ukamshuka. Watu wa kuku hawakusema uongo. Halafu Jenerosa akaimba “nataka,” na Uwimana akalia waziwazi, mbele ya ukoo mzima, kwa ajili ya msichana yule, na kwa ajili ya yule mwanamume aliyemfuta kwenye kaseti huku anacheka. Miguu yake ikaanza kwenda.

Wimbo ukaisha. Nusu ya wazee wamekunja nyuso, nusu wanatikisa vichwa.

“Umesikia sasa?” alisema Sylvesta. “Si nilikuambia ni mbaya?”

“Nimesikia, shemeji,” alisema Uwimana, akijifuta uso kwa ncha ya kitenge. “Ni mbaya kidogo. Winnie, rudisha mwanzo. Na uongeze sauti.”

Akaanza kucheza upya, peke yake, mpaka jirani yake nesi Shamsi akavua viatu akamfuata.