Gari Lililosimama Mlangoni

Keringet nzima iliijua Landrova ya Kipyegon kwa mngurumo, kabla haijaonekana. Aliinunua ujanani, mzungu mmoja alipokuwa akihama shamba: chasisi fupi, bodi ya aluminiamu isiyojua kutu, na ile gia ndogo ya pembeni ambayo ukiivuta, magurudumu yote manne yanang'ang'ania matope. Magari ya siku hizi yana viti vya ngozi na skrini. Haya, yaambie yapande milima ya huku kwetu mwezi wa nne, mvua ikinyesha, uone aibu!

Ilibeba pareto, maziwa, maharusi, wajawazito na maiti. Abiria walikuwa wengi, dereva mmoja tu. Mkewe, Cheptanui, aliwahi kuomba afundishwe, Kipyegon akacheka mpaka akakohoa.

"Hii si jembe, Mama Winrose."

Cheptanui akarudi jikoni.

Ikaja mvua ya El Nino. Kipyegon alikuwa amekwenda mazishini Kabazi kwa lori la viazi, akilihurumia gari lake kwa ubovu wa barabara ile. Nyumbani mtoto wao Kipketer, wa miaka minne, akaanza kutweta. Landrova ilikuwa mlangoni, tangi limejaa, ufunguo ukutani. Cheptanui aliingia, akawasha. Ikanguruma, ikaruka, ikazima. Akajaribu tena na tena huku akilia. Mwishowe alimfunga mtoto mgongoni akashika njia kwa miguu, matope yakimfika magotini. Kipketer alifia mgongoni pa mama yake kabla hawajaiona zahanati.

Kipyegon aliporudi alichukua jembe. Alichimba kaburi mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Tangu hapo hakuna mgonjwa aliyebisha kwake akakataliwa, wala hakumtoza mtu hata shilingi. Lakini jina la Kipketer halikutoka kinywani mwake tena, na Cheptanui hakumuuliza. Watu wa kanisa waliwaambia yaliyopita si ndwele. Aliyetunga msemo huo, nadhani, hakuwahi kuzika mtoto.

Mwaka huu Kipyegon alipigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukafa, ulimi ukafungika kabisa. Binti yao Winrose aliamua wahamie kwake Lanet, karibu na hospitali, lakini ploti yake ni ndogo na gari halina mahali. Akapatikana mnunuzi, Ndung'u, kijana wa Nakuru anayependa magari ya zamani kuliko usingizi. Shida ni kwamba kila mara mtu alipofungua boneti, mzee alitokwa na machozi. Cheptanui alikosa raha. Aliona kwamba akiiuza atakuwa amemzika mumewe angali hai.

Siku ya kuichukua, Ndung'u aliona hali akasema, "Mathe, hii gari sitaivunja, nitaitunza. Lakini acha kwanza mzee akae kwa usukani kidogo, aiage."

Wakambeba. Kufika kwenye gari, Kipyegon aliusukuma mlango wa dereva kwa mkono wake mzima, akatikisa kichwa. Akamwonyesha Cheptanui kidole, kisha kiti cha dereva.

"Anataka nini?" Ndung'u akauliza.

Cheptanui alielewa. "Anataka niendeshe mimi."

Wakamweka mzee kiti cha abiria. Cheptanui akapanda, Ndung'u akazungusha hendeli ya kuwashia pale mbele, injini ikaitika. Alikanyaga klachi jinsi alivyomwona mumewe akikanyaga miaka nenda miaka rudi. Kipyegon akaweka mkono wake juu ya mkono wa mkewe kwenye gia, wakasukuma pamoja. Gari likaruka, likatulia, likaenda. Lilipita zizi, likapita shamba la viazi, likafika getini, na hapo akalisimamisha.

Mzee alikuwa akihangaika na midomo. 

"Kip... Kipketer," akasema.

"Najua, Baba Winrose," Cheptanui akamjibu. "Nimejua miaka yote hii."

Walilia pamoja mle garini, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya hata siku ya mazishi. Ndung'u aliwapa mgongo, akaangalia viazi vya watu mpaka alipoitwa kuchukua ufunguo.