Shati la Mistari la Ocen

Simu ya Nyongesa ilinikuta kanisani Kansanga, nikipanga maua ya Jumapili. Nyongesa ni Mkenya, jirani wa kaka yangu Ocen kule Kisugu, na ndiye aliyempeleka hospitali asubuhi ile.

"Dada Akello, keti kwanza."

"Sema tu."

"Afande Ocen ametuacha. Hapa hapa kwenye benchi. Hawakumwandikisha."

Nilikaa chini na maua mkononi. Mungu anisamehe, neno la kwanza lililonitoka halikuwa sala.

Ocen na Opiyo walikuwa mapacha, nami ndiye niliyewafuata; ndiyo maana naitwa Akello. Mama yetu, Amito, aliwalea kama sisi Waacholi tunavyolea mapacha: hawabaguliwi. Akinyolewa mmoja, ananyolewa na mwenzake. Ukimpa mmoja zawadi ukamnyima mwingine, unaiita balaa nyumbani. Hata walipokuwa wanaume wenye ndevu, siku ya kupigwa picha za kitambulisho cha taifa, Mama aliwanunulia mashati mawili ya namna moja, yenye mistari ya buluu, akasimama mlangoni kuhakikisha wameyavaa. Walicheka, wakavaa.

Opiyo alikwenda jeshini. Ocen akawa askari wa geti kwenye ofisi moja ya serikali inayoshughulika na mambo ya sayansi. Aliipenda ofisi ile kuliko waliokaa ndani. Siku moja walifanya sherehe, mkubwa mmoja akatangaza sera mpya: nchi itaandaa vijana wake wasafiri anga za juu, na hapa chini kompyuta zenye akili bandia zitahudumia wananchi katika kila ofisi, bila kuchelewa na bila upendeleo. Ocen, aliyekuwa amepewa kamba ya hema aishike kwa sababu ya upepo, alipiga makofi mpaka hema likawashukia wageni.

"Safari zikianza nitajitolea," alituambia tukila.

"Ukafanye nini?" Nyongesa akamuuliza. "Huko mwezini utamsachi nani?"

"Kila mahali kuna geti, Mkenya wewe. Na ukija bila kitambulisho sikufungulii."

Mwaka jana Opiyo alifariki kwa ajali barabarani. Tukakiandikisha kifo chake kama sheria inavyotaka. Haikuchukua muda, laini ya simu ya Ocen ikafungwa. Kisha kamera mpya ya kutambua nyuso, pale pale getini kwake, ikamkataa. Madereva wa ofisi wakampa jina. "Marehemu, fungua geti!" walipiga kelele huku wakipiga honi, naye akafungua kwa mkono, akicheka nao.

Nilimsindikiza kwenye ofisi ya vitambulisho. Kijana wa kompyuta alitazama picha mbili, akatueleza bila haya.

"Mashine imeona wazazi wale wale, siku ile ile ya kuzaliwa, uso ule ule, shati lile lile. Imeamua ni mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili. Imewaunganisha. Na mtu huyo amekufa."

"Lakini mimi niko hapa," Ocen alisema.

"Nakuona, mzee. Ila siku hizi si mimi ninayeamua. Subiri kamati."

Njiani nililaani. Ocen alinikemea. "Kitu kipya kina makosa yake. Watu wanaotaka kupeleka mtu angani watashindwa na shati?"

Alikuwa na ngiri ya miaka mingi. Asubuhi ile ilikaza, tumbo likawa gumu kama ubao, akaanza kutapika. Yaliyofuata nimeyapata kwa Nyongesa. Pale hospitalini karani alimwelekezea kamera usoni.

"Huyu ni marehemu."

"Marehemu anatapika?" Nyongesa akamjibu.

Watu kwenye foleni walicheka. Karani naye alicheka kidogo, kisha akasema bila faili daktari hapati kibali cha upasuaji, wala dawa haitoki. Sera imekataza kuandika kwa mkono.

"Leteni ndugu yake athibitishe."

"Ndugu yake ndiye aliyekufa!"

"Basi leteni aliye hai. Anayefuata!"

Daktari mmoja aliyekuwa akipita alilishika tumbo la kaka yangu, akasema huyu anatakiwa ndani sasa hivi, akaenda kuwapigia simu wasimamizi wa mfumo. Ocen alimwegemea Nyongesa begani. Hakulalamika. Alisema, "Mwambie Akello, Mama asijue habari ya shati." Hakusema tena. Daktari alirudi bado simu ikiwa sikioni, akisubiri kupokelewa.

Nilipofika mochwari, mfanyakazi wa pale aliielekeza kamera kwenye uso wa Ocen. Taa ya kijani ikawaka mara moja.

"Safi," alisema. "Huyu hana tatizo."

Tulimpeleka nyumbani Kitgum. Wanawake walipomaliza kumwosha, Mama aliingia na kitu alichokifunga ndani ya leso yake. Lilikuwa shati la mistari ya buluu, limepigwa pasi. La Opiyo tulimzika nalo. Hili la Ocen Mama alikuwa amelitunza mwenyewe.

"Wasije wakasema nimewabagua," alisema, akimfunga vifungo. "Nimefanya sawa, Akello?"

Nilimnyooshea Ocen kola.

"Umefanya sawa, Mama."

Mama hajui kusoma, ndiyo maana nimeweza kuliandika hili.

Katekista Tarcisio aliongoza sala. Nyongesa na vijana wa ukoo waliliteremsha jeneza kando ya kaburi la Opiyo. Mama alitupa udongo kwanza, nikafuata mimi, kisha wengine. Tuliimba wimbo mmoja. Kaburi lilipojaa walilisawazisha kwa majembe likawa na kimo sawa na lile jingine, kwa sababu Mama alisimama pale akiangalia. Tukanawa mikono, tukamshika Mama, tukarudi nyumbani.