Kila Filamu Mpya Inazidi Kumfuta Bibi

*Msomaji wetu ameomba asijulikane. Ujumbe wake tumeuacha kama alivyouandika. Msomeni hadi mwisho kabla ya kukomenti.*

Admin, naomba unifichie jina na kijiji. Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu shule ya kutwa, huku mwambao wa Ziwa Nyasa, chini ukitoka Mbinga. Si mwongeaji. Darasani hata nikijua jibu sinyooshi mkono. Lakini leo nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, na nisipoiandika nitapasuka.

Baba alifariki, Mama anafanya kazi Mbinga mjini, na mimi naishi kwa Baba mdogo pamoja na Bibi, mama yake mzazi. Kaka yangu anasoma chuo Songea. Alinipa laptop yake ya zamani yenye Linux badala ya Windows. Likizo nzima nilikaa na Bibi tukichambua usipa, dagaa wa ziwa letu, nikamrekodi. Alisimulia hadithi kwa Kinyasa, akaimba nyimbo za kutwanga, akataja watu wa ukoo wetu ambao hata Baba mdogo hawajui. Kisha akapata kiharusi. Sasa anasikia kila kitu, anatuangalia, lakini neno halitoki. Sauti yake ilibaki ndani ya ile laptop tu. Msiniulize kuhusu flashi. Nilikuwa nayo moja, Baba mdogo aliichukua akajaza muziki wake.

Ugomvi ulianzia kwenye kioo. Siku moja niliisasisha Linux kwa bando la simu, na ilipowaka ikawa haitambui tena ukubwa wa kioo chake. Ikaweka picha ya nukta 800 kwa 600 na kuivuta ijae kioo kipana. Herufi zikawa kubwa zenye ukungu, vitufe vya chini havionekani, na watu kwenye filamu wote wakawa wafupi wanene. Baba mdogo ana kibanda cha video jirani na nyumba, na deki yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo jioni alikuwa akiichukua laptop yangu. Wateja wakamcheka.

"Mzee, huyu komando jana si alikuwa mwembamba? Umemlisha nini?"

Alirudi nyumbani amenuna.

Nikamwomba anivumilie, naisomea. Nilikuwa na kurasa za maelezo nilizohifadhi, nikazisoma moja moja, mpaka nikajua amri za kuandika kwenye dirisha jeusi ili kuiambia mashine upana halisi wa kioo, 1366 kwa 768. Picha ikakaa vizuri, nikashangilia. Nikiizima na kuiwasha, inarudi kulekule. Baba mdogo akaona hivyo, akaguna tu. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba zile amri lazima ziandikwe kwenye faili ambalo mashine hulisoma kila inapowaka. Nikaandika. Nikazima, nikawasha. Picha safi! Nikamkimbilia uani.

"Shikamoo, Baba mdogo. Imepona."

"Marahaba. Hata juzi ulisema imepona."

"Juzi nilikuwa bado sijaiandikia faili. Tazama." Nikaizima na kuiwasha mbele ya macho yake, nikamfungulia na filamu.

"Leo imekubali, kesho itaniaibisha tena mbele za watu. Na hayo maandishi yako meupe kwenye giza ndiyo yanayoiharibu. Kazi ya fundi mwachie fundi."

Kesho yake, mimi nikiwa shuleni, akaipandisha Mbinga. Fundi alifuta kila kitu akaweka Windows. Kila kitu! Na kioo kilikuwa kizima, hapakuwa na kitu cha kutengeneza! Nilipouliza sauti za Bibi ziko wapi, Baba mdogo alinijibu huku anatafuna muhogo:

"Sauti ya Bibi? Kwani Bibi si yule pale kwenye mkeka?"

Bibi alikuwa anasikia. Aligeuza uso wake ukutani.

Tangu siku hiyo simpi shikamoo. Tunapishana mlangoni kama watu wasiojuana. Najua huku kwetu hilo ni jambo kubwa, na mimi sijalelewa hivyo, lakini salamu hainitoki. Mama alipiga simu: "Mwanangu, unataka laana? Yule ndiye baba yako sasa. Kampigie magoti." Mimi ndiye nipige magoti! Hakuna hata mmoja aliyemwambia yeye akamwombe radhi mama yake.

Nikampigia Kaka. Aliniambia kitu kinachoninyima raha mpaka sasa. Anasema kilichofutwa huenda bado kimo ndani, na chuoni kwao kuna mtu anayeweza kujaribu kukirudisha, ila laptop isiwashwe kabisa. Kila kitu kipya kinachowekwa kinakaa juu ya cha zamani, na hapo hakuna wa kukitoa tena. Nilimeza hasira nikamweleza Baba mdogo. Akacheka.

"Nifunge kibanda ili kompyuta ilale? Nenda kachote maji, binti."

Kwa hiyo anaiwasha kila jioni na kuweka filamu. Jumamosi anaenda kujaza nyingine nyingi.

Kesho yeye atakuwa shambani, na basi la Songea linapita hapa. Kondakta anamfahamu Kaka, atamfikishia laptop. Nikiichukua, nitaitwa mwizi wa kitu nilichopewa mimi, na Baba mdogo ameshasema atakayegusa vitu vya kibandani asilale kwake. Nikifukuzwa, shule ndiyo basi, na Bibi hatakuwa na wa kumlisha wala kumgeuza. Nikiiacha, ataendelea kukaa pale anasikiliza makelele ya filamu zinazomfuta.

Msiniambie nisamehe, hilo nimeshaambiwa na kila mtu. Niambieni niipakie kwenye basi au niiache. Naomba mnijibu leo.